Nikiwasha pampu mawimbi yanapanda, shida ni bamba au mkondo?

fundi_mfereji: Wakuu habari, naomba msaada. Niko maabara kwenye mfereji wa mawimbi, maji kina sentimita 50, tunaujaribu kwanza kabla hatujaweka modeli ya ukuta ndani. Mawimbi peke yake fresh tu, kipindi (muda kati ya wimbi na wimbi) sekunde 1.2, kimo kinacheza kwenye sentimita 8. Sasa nikiwasha pampu mkondo uje kinyume na mawimbi, sentimita 20 kwa sekunde, sensa ya kwanza inasoma 11.5 na ya pili iko nusu mita mbele inasoma 9.7, halafu kipindi wala hakijatikisika. Bosi anasema bamba la kusukumia mawimbi limelegea, nimeshalifungua mara mbili sioni kitu.

kasi_mkondo: Liache hilo bamba mkuu utaliharibu bure. Kipindi hakibadiliki kwa sababu sensa imesimama palepale inahesabu yanayopita, na yanayotoka kwenye bamba ni yaleyale. Kinachobanwa ni urefu wa wimbi, nimepiga hesabu hapa, kutoka mita 2 na kidogo unashuka hadi 1.6 hivi, na likibanwa lazima lipande, 8 yako inakuwa kama 10.6. Ukiendelea kuongeza pampu ukakaribia sentimita 47 kwa sekunde mawimbi hayatasonga tena, yatavunjikia hapohapo, usishangae.

Mzee wa Sensa: Hiyo 10.6 ndo katikati ya 11.5 na 9.7, umeona? Tofauti iliyobaki ni mawimbi yanayorudi kutoka mwisho wa mfereji, kama asilimia 8, si mbaya. Na sensa usizihamishe, nusu mita ndo umbali unaoionyesha tofauti yote. Ila mtego uko hapa, ukitenganisha mawimbi yanayokwenda na yanayorudi kwa njia ya Goda na Suzuki ya 1976 usiweke urefu mmoja wa wimbi, ule wa maji yaliyotulia, yanayokwenda yana mita 1.6 lakini yanayorudi yanasukumwa na mkondo yanafika 2.4, mimi hili liliwahi kunilia wiki nzima nikidhani programu ina bagi.

fundi_mfereji: Duh, programu yetu inaweka urefu mmoja kweli 😅

nyaya_mbili: Na hizo 20 umezipima au umezisoma kwenye kioo cha pampu? Pima mkondo peke yake kwanza, karibu na sakafu, katikati na juu, masega ya kunyoosha maji yakiziba upande mmoja unakuta huku 25 kule 15. Halafu kama sensa zako ni za nyaya, zile zinazopima kimo kwa umeme unaopita majini, kalibreti pampu ikiwa imeshazunguka muda, maji yakipata joto nyuzi 1 tu usomaji unahama karibu asilimia 2.

fundi_mfereji: Nilikalibreti asubuhi maji baridi, hata nyaya sikuzifuta. Nimezipitisha kitambaa sasa hivi kimetoka na utelezi wa kijani. Bamba nalifunga, kesho naanza na mkondo peke yake.