Kovu la upasuaji wa uzazi limepona, lakini pembeni panachoma

Mama Imani, Umoja
Nilijifungua kwa upasuaji miezi minane iliyopita. Kovu limefunga vizuri, ila kwenye ncha ya kulia kuna mahali padogo, kidole kimoja kinapafunika, panachoma kama kaa la moto. Fundo la leso likipagusa naruka. Matatu ikipanda tuta nashika tumbo kwa mikono miwili. Ultrasaundi mara mbili, hakuna kitu. Nimemeza dawa za vidonda vya tumbo, nikapewa za mkojo, wapi! Kliniki ya mwisho wakaniambia ni mawazo. Jameni, mimi siwazi, naumwa. Nani amepitia haya?

Baba Zawadi
Pole sana mama Imani. Mimi ilinianza baada ya kufanyiwa upasuaji wa ngiri ya kinena. Daktari mmoja alinilaza chali, akabonyeza pale pale, akaniambia niinue kichwa na mabega. Uchungu ukazidi. Akanieleza kuwa kama tatizo lingekuwa ndani, misuli ikikaza ingelikinga na uchungu ungepungua. Ukizidi au ukibaki vile vile, shida iko kwenye ukuta wa tumbo. Wanakiita kipimo cha Carnett, kipo tangu 1926, na hakihitaji mashine yoyote. Akanidunga ganzi hapo hapo. Baada ya dakika chache nilikohoa bila kujishika, nikalia. Jioni uchungu ulirudi, lakini tulishajua ni neva, yaani mshipa wa fahamu. Nilidungwa mara tatu kwa jumla.

Nesi wa zamu
Neva za kinena hupita karibu sana na ncha za kovu kama lako. Neva inaweza kukatwa, kushonewa ndani au kubanwa na kovu. Panadol mara nyingi haifui dafu hapo. Hutumika amitriptilini kidogo usiku, au gabapentini, ambazo hulewesha usingizi, kwa hiyo mwambie daktari kama bado unanyonyesha. Sindano zikisaidia kwa muda tu, daktari wa upasuaji anaweza kuikata neva yenyewe. Ngozi hapo hubaki na ganzi. Ukiona homa, kutapika, au uvimbe unaotokeza ukikohoa, nenda siku hiyo hiyo.

Mama Imani, Umoja
Nimelala kwenye mkeka sasa hivi, dadangu akabonyeza, nikainua kichwa. Umezidi! Jumatatu narudi kwa daktari, na nitamwomba abonyeze hapo hapo kabla hajaandika dawa yoyote.