Jarida la taarab asilia kwa kazi ya muhula: kurasa, safu na mashairi nipangeje?

mpanga_kurasa
Wakuu, salaam. Niko mwaka wa pili, ubunifu wa michoro. Kazi ya muhula huu ni kutengeneza toleo la kwanza la jarida la muziki kwa hadhira ndogo mahsusi. Tunawasilisha jalada, ukurasa wa yaliyomo, makala moja ya kurasa mbili zinazotazamana, na maelezo ya maneno 1,000 ya kutetea maamuzi yetu. Atakayechapa toleo zima ana alama za ziada, nami nazitaka.

Nimechagua taarab. Mpango wangu kwa sasa ni ukubwa wa A4, kurasa 14, safu tatu, mashairi mawili kamili ya nyimbo, na jalada lenye picha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa zamani. Natumia Scribus, programu ya kupanga kurasa. Naomba mnikosoe kabla sijaenda mbali. Kinachonisumbua zaidi ni mashairi: kila nikiyaweka kwenye safu yanavunjika ovyo.

---

kanuni_na_udi
Karibu. Fonti na rangi zisubiri kwanza. "Wapenzi wa taarab" ni umati, bado hujapata hadhira. Anayefuata vikundi vya fidla, kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa), udi, nai (filimbi) na akodioni, na yule wa kinanda cha umeme na mipasho, ukiwaweka meza moja watagombana hata juu ya kipi kinastahili kuitwa taarab. Jarida moja la kurasa chache halitawaridhisha wote wawili.

Punguza mpaka msomaji awe na sura. Mfano: vijana wa miaka 18 hadi 30 wanaojifunza ala za taarab asilia Unguja, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa. Hao wapo kweli. Mji Mkongwe kuna Dhow Countries Music Academy inayofundisha ala hizo, na kuna vikundi vikongwe kama Ikhwani Safaa, kilichoanza 1905, na Culture Musical Club cha 1958. Ukishampata msomaji huyo, yaliyomo hayakusumbui tena: somo la maqam moja, yaani mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu, kila toleo (rast au bayati kwa kuanzia), namna ya kubadilisha nyuzi za udi bila kuchubua mbao, mahojiano na mpiga fidla, shairi moja lenye maelezo. Habari za nani kamrushia nani kijembe jukwaani zinatoka, hata kama ndizo zinazosomwa sana kwingineko.

Ili umjue msomaji huyo, andaa hojaji fupi, maswali yasizidi 8, watu 12 hadi 15, na uwafuate mazoezini badala ya kusambaza kiungo kwa marafiki zako wa chuo. Usiulize "je, ungependa jarida la taarab?" Kila mtu atasema ndiyo kwa adabu tu. Uliza: "Mara ya mwisho ulitafuta nini kuhusu ala yako ukakikosa?" Halafu uliza anasoma kwenye simu au kwenye karatasi, maana jibu la hilo ndilo litakaloamua ukubwa wa ukurasa.

---

fundi_chapa
Kurasa 14 hazipo kwenye jarida la kupigwa pini katikati. Karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa 4, kwa hiyo idadi lazima igawanyike kwa 4: 12, 16, 20. Chukua 16, jalada likiwa ndani ya hesabu hiyo.

Na mimi ningeachana na A4. Jarida la A4 linachapwa kwenye karatasi ya A3, na steshenari nyingi hazina mashine hiyo. A5 (milimita 148 kwa 210) inatoka kwenye A4 iliyokunjwa: kurasa 16 ni karatasi 4 tu. Tena ukituma PDF ya A5 kwenye simu inasomeka bila kuvuta-vuta kwa vidole, ila ya A4 yenye safu tatu ni adhabu.

Sasa angalia hapa, ndipo wengi wanapokwama. Mashine ya kawaida haichapi hadi mwisho wa karatasi, inaacha milimita 4 au 5 nyeupe pande zote. Ukitaka picha ifike ukingoni, ni lazima ichapwe kwenye karatasi kubwa kuliko jarida kisha ikatwe, na picha yenyewe ipitilize mstari wa kukatia kwa milimita 3. Kama hakuna mashine ya kukatia karibu nawe, buni jarida lenye fremu nyeupe kwa makusudi, milimita 8 kila upande. Litaonekana limekusudiwa. Kinyume chake ni kile kistari cheupe kilichokaa upande mmoja tu wa jalada, ambacho mwalimu hukiona kabla hajasoma jina.

Makala yako kuu iweke ukurasa wa 8 na 9. Kwenye kurasa 16 hapo ndipo katikati, kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi moja, kwa hiyo picha inapita bila kukatika. Kwingine kote, ukurasa wa kushoto na wa kulia vinatoka kwenye karatasi tofauti au vipande tofauti, na mshono ukipotea milimita moja, shingo ya fidla inavunjika. Ila kumbuka pini zinapita hapo hapo katikati: usiweke uso wa mtu kwenye mkunjo.

Maandishi meusi yawe nyeusi tupu: 100 kwenye K (wino mweusi), sifuri kwenye zile rangi nyingine tatu za mashine. Ukiacha nyeusi ya RGB (rangi za skrini), mashine inaweza kuichanganya kwa wino za rangi zote nne, na wino ukisogea kidogo kila herufi inapata kivuli chekundu au cha bluu. Karatasi: gramu 100 ndani, gramu 200 kwa jalada, na uzitaje kwa muuzaji kwa namba, usiseme "ngumu kidogo".

Peleka PDF ya ukurasa mmoja mmoja, 1 hadi 16 kwa mpangilio wa kusoma. Kazi ya kupanga 16 ikae na 1, na 2 ikae na 15, iachie programu ya mashine kwa kuchagua uchapaji wa kijitabu. Ukipanga wewe na programu ikapanga tena, utarudi nyumbani na fumbo.

---

safu_mbili
Nijibu la mashairi, maana hapo kuna hesabu.

Kwenye A5, weka ukingo wa ndani milimita 15, wa nje 12, juu 15, chini 18. Unabaki na upana wa milimita 121. Safu mbili zenye nafasi ya milimita 5 kati yake zinakuwa na milimita 58 kila moja. Kwa fonti ya pointi 9.5 na mistari inayopishana kwa pointi 13, safu inabeba herufi 35 hivi kwa mstari na mistari 38 kwenda chini. Kwa maneno yetu marefu hayo ni maneno matano kwa mstari, kwa hiyo ukurasa uliojaa maandishi matupu ni maneno 380 hivi. Ukiweka kichwa na picha unabaki na 200 au 250. Mahojiano ya maneno 1,200 hayaingii kwenye kurasa mbili hata ukiyabembeleza. Andika maneno 450 kwa makala yako kuu.

Sasa chukua mshororo wa kawaida wa mizani (silabi) 16, kama huu nilioutunga kwa mfano tu:

Nimekuja na salamu, nifungulie mlango

Una herufi 37 ukihesabu na nafasi. Safu inabeba 35. Ndiyo maana kila mshororo unadondosha neno la mwisho chini, na kina cha mwisho kinakaa peke yake kama yatima. Kupunguza fonti hadi 8 kutaumiza macho na bado mshororo mrefu zaidi utavunjika. Kuna njia mbili. Ya kwanza, shairi lipewe upana wote wa ukurasa, milimita 121, safu moja, na nafasi tupu ibaki kulia. Mimi ningechukua hii kwa shairi moja lenye maelezo. Ya pili, kama lazima likae kwenye safu, likate wewe mwenyewe kwenye kina cha kati, ukwapi (nusu ya kwanza) juu, utao (nusu ya pili) chini ukiingizwa ndani milimita 4:

Nimekuja na salamu,
    nifungulie mlango

Hapo jicho linaona vina vyote viwili, na msomaji anayejifunza kuimba anaona pa kuvuta pumzi. Tumia mkato laini wa mstari, ule wa Shift na Enter, usianze aya mpya, la sivyo programu itaongeza nafasi ya aya katikati ya mshororo. Kati ya ubeti na ubeti acha mstari mmoja mtupu wa pointi 13 ili mistari ya safu ya pili isipishane na ya kwanza.

Mashairi mawili kamili kwenye kurasa 16 ni mengi, toa moja. Na chini ya hilo moja taja watu watatu: mtunzi wa shairi, aliyetia muziki, mwimbaji. Kwenye taarab mara nyingi hao ni watu tofauti, na msomaji wako atakasirika ukimtaja mwimbaji peke yake. Kama wimbo una mwenyewe, omba ruhusa kwa maandishi. Barua hiyo iambatishe kwenye kazi yako.

Jambo jingine: ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari. Programu ikiachwa kwenye Kiingereza inakata Kiswahili pasipofaa. Utakuta "mwanam-uziki". Silabi zetu nyingi huishia kwenye irabu, hivyo ni mwa-na-mu-zi-ki. Kwa safu nyembamba zima kabisa ukataji na upange maandishi upande wa kushoto, kulia kuachwe wazi. Ukinyoosha pande zote mbili kwa herufi 35 utapata mashimo meupe kati ya maneno, yanashuka kama ufa ukutani.

---

mpanga_kurasa
Asanteni sana, nahamia A5 kurasa 16. Mawili yamebaki. Picha ya Siti binti Saad niliyonayo ina upana wa pikseli 600, inafaa jalada? Na jina la jarida nilitaka niliandike kwa zile fonti zenye mikia ya kuigiza Kiarabu.

---

kanuni_na_udi
Haifai. Kwa nukta 300 kwa inchi, pikseli 600 ni sentimita 5 tu. Jalada la A5 lililopitiliza ukingo linahitaji pikseli 1,819 kwa 2,551, na kurasa mbili za katikati 3,567 kwa 2,551. Kuikuza kwa programu hakuongezi sura, kunaongeza ukungu. Iweke ndani, ndogo, kando ya habari ya safari yake ya Bombay ya 1928 alikorekodi santuri. Isitoshe, jalada lenye Siti linamwambia kijana kwamba jarida ni la makumbusho. Piga picha mpya: mikono juu ya kanuni, mwanga wa dirisha, kabla ya mazoezi. Ukumbini taa za rangi zinamfanya mpigaji awe wa zambarau, na zambarau hiyo kwenye karatasi inafifia. Sherehe za harusi usipige bila idhini ya wenyewe, hasa upande wa akina mama.

Fonti za kuigiza Kiarabu ziache, zinafanana na bango la mgahawa. Ukitaka Kiarabu, andika Kiarabu chenyewe kwa fonti kama Amiri, ya bure, na uhakikishe mwelekeo umewekwa kulia kwenda kushoto. Ukiona herufi zimeachana moja moja, mpangilio umekosea. Mwombe anayesoma Kiarabu akague kabla hujachapa.

---

fundi_chapa
Kwenye maelezo ya maneno 1,000, kila uamuzi uufunge na jibu la hojaji: "A5, kwa sababu wengi wa walioulizwa husoma kwenye simu." Usipoteze maneno kueleza historia ya taarab.

Na kabla ya kuchapa rangi, toa kurasa zote 16 kwa nyeusi kwenye karatasi ya gramu 80, chagua ukubwa halisi, asilimia 100, usiruhusu mashine ipunguze ili "iingie". Kunja, piga pini, kisha pima ukingo wa nje kwa rula. Ukisoma 15 badala ya 12, mashine imepunguza au mkunjo umekwenda kombo, rudia kabla hujalipia rangi.