Shuu za breki za nyuma hazilingani urefu: ipi hukaa upande wa mbele?

MgeniWaSpana:
Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Pedi za breki za mbele nimeshazibadilisha mwenyewe mara mbili bila taabu, kwa hiyo jana nikajipa moyo kwamba za nyuma, ambazo ni za dramu, nazo zisingenishinda. Nilianza na gurudumu la kushoto. Dramu ilikataa kutoka kwa karibu saa nzima, na ilipotoka nilikuwa nimeshachoka na kukasirika kiasi kwamba nilizifungua springi zote bila kupiga picha hata moja. Sasa nina rundo la springi mezani na shuu mpya mbili, yale mapande yaliyopinda yanayotanuka kuisugua dramu kwa ndani, ambazo lainingi zake (tabaka linalosuguana na dramu) hazilingani: moja ni fupi kuliko nyingine kwa kama upana wa kidole. Ipi inaelekea mbele ya gari? Aidha, nilipofunua kifuniko cha mpira cha silinda ya gurudumu, ile inayozisukuma shuu, niliona unyevu ndani yake. Gurudumu la kulia bado sijaligusa.

FundiMzee:
Ndugu, hiyo sentensi yako ya mwisho ndiyo itakayokuokoa. Fungua dramu ya kulia, lakini usiondoe springi hata moja, kwa sababu hiyo ndiyo picha uliyosahau kupiga. Kumbuka tu kwamba ni kama unajitazama kwenye kioo: kinachoelekea mbele ya gari upande wa kulia kitaelekea mbele upande wa kushoto pia, ingawa machoni pako kitakuwa kimehama mkono. Ndiyo maana sisi mafundi hufungua upande mmoja kwanza na kuumaliza kabla ya kugusa wa pili.

Kuhusu shuu, tazama zinaegemea wapi. Ikiwa kuna pini kubwa isiyosogea juu ya silinda, na chini shuu zimeunganishwa na ajasta tu (skrubu ya kuzisogeza shuu karibu na dramu au mbali nayo) bila kushikwa na bamba la chuma lililo nyuma yake, basi fupi hukaa mbele na ndefu nyuma. Gari linapokwenda mbele nawe ukakanyaga breki, dramu huiburuta shuu ya mbele, nayo huisukuma ya nyuma kupitia ajasta, hivyo ya nyuma ndiyo inayobeba kazi kubwa na ndiyo iliyopewa lainingi ndefu. Lakini ikiwa ncha za chini za shuu zimeegemea kwenye kizuizi kisichosogea, huo ni mpangilio mwingine, ambao shuu ya mbele ndiyo inayofanya kazi zaidi. Hapo usifuate kanuni ya fupi na ndefu, fuata upande wa kulia jinsi ulivyo.

Usihangaike saa nzima na dramu ya pili. Hakikisha hendibreki imeachiwa, magurudumu ya mbele yamewekewa kabari na gari limekaa juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake. Dramu nyingi zina matundu mawili yenye nyuzi: ingiza boliti zinazoyatosha na uzikaze kwa zamu, robo mzunguko kila moja, nayo itajisukuma yenyewe. Ikianza kutoka kisha ikakwama, ujue imelika na kuacha ukingo unaozishika shuu, hivyo legeza ajasta kwa bisibisi kupitia tundu lililo nyuma ya bamba. Dramu ikiwa nje, mtu yeyote asikanyage pedeli, kwani pistoni za silinda zitachomoka.

MsafiriWaUsiku:
Naongezea kuhusu silinda. Unyevu mwembamba unaobaki kwenye kidole kama jasho unaweza kuvumiliwa, na wapo watakaokuambia uuache. Mimi niliuacha mwaka mmoja, na baada ya miezi michache lainingi mpya zilikuwa zimelowa mafuta ya breki, gari likawa linavutwa upande mmoja kila ninapofunga breki, nikalazimika kununua shuu tena, kwa sababu lainingi iliyolowa haifai kusafishwa na kurudishwa. Ikiwa mafuta yanachuruzika unapofunua kifuniko, badilisha silinda za pande zote mbili, kisha utoe hewa kwenye mfumo. Tumia mafuta ya breki ya namba iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chombo cha mafuta hayo kilicho kwenye gari, na usichanganye DOT 5, ambayo ni ya silikoni, na DOT 3 au DOT 4.

FundiMzee:
Hapo nakubaliana nawe. Nami nilisahau jambo la vumbi: msilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, kwa kuwa lainingi za zamani huenda zina asbestosi. Lilowesheni kwa dawa ya kusafishia breki, mvae barakoa, kisha mfute kwa kitambaa cha kutupa. Grisi ya kuhimili joto ipakwe kidogo sana, pale tu shuu inapokwaruzana na bamba na kwenye nyuzi za ajasta. Ajasta za kushoto na kulia zisichanganywe, maana nyuzi zake kwa kawaida huzunguka kinyume; ukizibadilisha, badala ya kuzikaribisha shuu kwenye dramu zitazirudisha ndani.

MgeniWaSpana:
Nashukuru sana, wazee wangu. Pini iko juu, kwa hiyo fupi imekaa mbele, na silinda zilikuwa na jasho tu, lakini nimebadilisha zote mbili na kutoa hewa. Pande zote zimefungwa. Tatizo lililobaki ni kwamba pedeli inashuka sana kabla ya kushika, na hendibreki inapanda karibu hadi mwisho. Je, nikaze kebo ya hendibreki?

FundiMzee:
Kebo usiiguse kwanza. Shuu bado ziko mbali na dramu, ndiyo maana pedeli inashuka. Hendibreki ikiwa imeachiwa, kaza ajasta ya kila upande hadi gurudumu likizungushwa kwa mkono lisikike likikwaruza kidogo bila kukwama, kisha kanyaga pedeli mara kadhaa ili shuu zijipange katikati, na urudie kupima. Pedeli ikiwa juu na ngumu, ndipo uitazame hendibreki. Mara nyingi utaikuta imejirekebisha. Jaribu kwanza mahali tambarare pasipo na magari, kwa mwendo wa mtu anayetembea.