Scarlett 2i2 au UMC404HD? Nanunua Jumamosi hii

Sauti_ya_Ziwa (Kisumu)
Wakuu, habari za jioni. Natafuta intafesi ya kurekodi muziki, kile kifaa cha kuingiza sauti ya maiki kwenye laptopu, na nimebaki na mbili: Focusrite Scarlett 2i2 na Behringer UMC404HD. Binamu yangu anakuja kutoka Nairobi Jumamosi na atapitia Luthuli kuninunulia. Ipi ni bora?

FundiLanet
Bora kwa kazi gani? Unarekodi nini, maiki ngapi kwa wakati mmoja, laptopu gani, bajeti kiasi gani? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

Mkongwe_S58 (Nakuru)
Chukua 2i2 kizazi cha 4, usizunguke. Kizazi cha 3 kiliishia desibeli 56 za kukuza sauti ya maiki, cha 4 kinafika 69. Tofauti hiyo utaijua siku utakapochomeka maiki kama Shure SM7B, inayodai karibu 60. Mimi natumia 2i2 kwa waimbaji wa injili na sijaijutia hata siku moja.

DadaWaIsukuti (Kakamega)
Mzee, hajasema kama ana SM7B. Tumwache ajibu kwanza.

Sauti_ya_Ziwa
Samahani, nilikimbilia swali. Bajeti ni elfu 45, maiki zikiwa ndani. Nina maiki moja ya SM58 na laptopu ya HP. Kazi yenyewe ni ya baba yangu mdogo, yuko Seme. Anapiga nyatiti, chombo cha nyuzi cha Waluo, tangu ujana wake na hajawahi kurekodiwa ila kwa simu za watu matangani. Ana miaka 74 na siku hizi vidole vinakakamaa asubuhi. Nataka nyimbo zake zote kabla ya Desemba.

Kombewa_Beats
Omera, hapo ndipo ungeanzia! Nyatiti si gitaa. Anaimba huku anapiga zile nyuzi 8, gara, yaani njuga, zinalia mguuni, na oduongo, ile pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu, inagonga ukingo wa chombo. Yote yanatoka kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja. Weka maiki moja mdomoni, moja karibu na ngozi ya nyatiti, moja chini mguuni. 2i2 ina matundu mawili tu.

Mkongwe_S58
Si lazima. Apige kwanza, halafu aimbe juu yake akiwa amevaa hedifoni. Kila sauti inakaa kwenye traki yake, unairekebisha utakavyo.

Kombewa_Beats
Kwa heshima, mzee, hilo nimelijaribu. Mpigaji aliacha katikati ya ubeti wa pili akasema nyuzi hazina wa kujibizana naye. Wimbo ulipotea kabisa, ikabidi tunywe chai kwanza ndipo aanze upya.

DadaWaIsukuti
Naunga mkono. Hata ngoma zetu za isukuti hupigwa tatu pamoja, ukizitenganisha zinakufa. Na jihadhari na namba kwenye boksi: Scarlett 4i4 kizazi cha 3 haina matundu manne ya maiki. Ni mawili, mengine mawili ni ya kinanda na vifaa kama hivyo. MOTU M4 pia hivyo hivyo. UMC404HD ndiyo yenye priampu nne kamili, yaani vikuza sauti vya maiki.

FundiLanet
Kabla hujalipa, sikiliza yaliyonipata. Nilirekodi kwaya siku nzima, nyimbo 9, watu wamefunga biashara zao ili waje. Laptopu ilikuwa kwenye chaja, chaja kwenye ekstensheni, na soketi ya ukumbi ule haikuwa na waya wa ardhi. Kwaya ikiimba kwa nguvu husikii kitu. Usiku nyumbani nikavaa hedifoni: kila palipo na pumzi kati ya beti, mvumo wa umeme, mmmmm. Nikakata mvumo wa hezi 50, ukabaki wa 100. Nikakata 100, ukabaki wa 150, na sauti za besi nazo zikaanza kukonda kama watu wanaumwa. Niliwarudishia pesa zao. Wiki iliyofuata nilirudi ukumbini na kifaa kile kile, nikachomoa chaja, nikatumia betri ya laptopu. Kimya. Intafesi haikuwa na kosa lolote. Kwa hiyo uliza kwanza: stima ya Seme ikoje?

Sauti_ya_Ziwa
Stima ipo kwa jirani. Kwa baba mdogo bado, ana sola ya taa na simu.

FundiLanet
Basi UMC404HD imekwama, haitoshelezwi na kebo ya USB peke yake, inataka adapta yake ya ukutani. 2i2 inakula umeme wa laptopu.

DadaWaIsukuti
Kwa nini asitafute Zoom H6 ya mkono wa pili, kile kinasa sauti cha kubeba? Matundu manne ya maiki, betri nne ndogo, na laptopu ibaki nyumbani. Ukirudi mjini unaichomeka kama intafesi.

Mkongwe_S58
Mkono wa pili siushauri. Na kwa elfu 45 maiki zitatoka wapi?

Kombewa_Beats
Maiki mbili nitamwazima mimi, dainamiki. Kondensa, zile maiki zinazonasa hata sauti ndogo, nyumba ya mabati siziamini, mvua ya alasiri ikianza umemaliza kazi.

Mkongwe_S58
Kondensa ndiyo itakayokupa ngozi ya nyatiti vizuri. Rekodini asubuhi, mvua haijaja.

Sauti_ya_Ziwa
Asubuhi ndipo vidole vinakataa. Vinalegea kuanzia saa tano. Halafu amesema hatapigia ndani, anataka chini ya mwembe alipozoea.

Kombewa_Beats
Mchana upepo wa ziwa unapanda. Tafuta sponji za kuvisha maiki, na umkalishe nyumba iukinge upepo. Nyuzi zake ni za nailoni au bado za mishipa ya ng'ombe?

Sauti_ya_Ziwa
Nailoni ya kuvulia samaki. Mbili zimechakaa, nitampelekea mpya. Binamu nimemwambia asilipe kitu mpaka nimpigie Ijumaa usiku.

DadaWaIsukuti
Na hapo bomani kuna jogoo wangapi?

Sauti_ya_Ziwa
Watatu. Mmoja huwika hata mchana.