Naombeni ushauri: mwanangu anaandika habari za genge la Chicago, nimwache au nimzuie?

Mama Zu:
Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Niko Chicago mwaka wa sita sasa. Juzi nafagia chumba cha mwanangu, ana miaka 16, nikakuta daftari kachora mkono umeshika bunduki, nyuma ramani ya kisiwa, chini kaandika YOUNG LORDS. Nikaingia Google naambiwa ni genge, nguvu zikaniishia. Kumuuliza anasema ni kazi ya historia shuleni na hao watu walitetea haki. Jamani mwaka jana kijana wa jirani alipigwa risasi mtaani kwetu hapahapa, makaburini mamake nilimshika mimi. Niende shule wambadilishie mada au nimwache?

Kinyozi_Tandale:
Pole dada. Mwache aandike. Kweli walianza kama genge, vijana wa Puerto Rico pale Lincoln Park wanapigana na vijana wa kizungu waliokuwa wanawaonea, ila 1968 kiongozi wao Cha Cha Jiménez aliingia jela, humo ndani akasoma habari za Malcolm X na Martin Luther King, anatoka anakuta jiji linahamisha watu wake kupisha wenye hela. Wakageuka chama cha kutetea haki. 1969 wakalikalia kanisa pale mtaa wa Armitage wakaweka chekechea na kliniki ya bure! Mwaka huohuo Fred Hampton wa Black Panther, chama cha weusi cha kutetea haki, akawaunganisha na Young Patriots, wazungu maskini waliotoka kusini, hebu fikiria wazungu wa kusini na weusi meza moja miaka ile. Polisi wakamuua Hampton kwake alfajiri ya 4 Desemba 1969, ana miaka 21 tu. Inaniuma mpaka leo.

Bi_Mkubwa77:
Mkuu usipambe sana. Hampton alimwendea pia Jeff Fort wa Blackstone Rangers, genge la weusi la Chicago, ili waungane, FBI wakamtumia Fort barua isiyo na jina kwamba Panther wanataka kumuua, wasielewane kabisa. Na Fort huyohuyo 1987 akakutwa na hatia ya kula njama ya ugaidi kwa pesa za Libya. Kwa hiyo si kila genge liligeuka. Mtoto aandike na upande huo, lakini wewe Mama Zu usiende shule kulalamika, utamwaibisha.

Kinyozi_Tandale:
Hapo nakubali bi mkubwa. Dada, maktaba ya chuo cha DePaul, hapohapo Lincoln Park, wanatunza picha na magazeti ya Young Lords, nenda naye. Muulize nini kiliwafanya waache kupigana. Na umsimulie ulichoona makaburini, sisi watoto wa kiume huwa hatuambiwi hayo.

Mama Zu:
Asanteni sana. Nimemwambia Jumamosi tunaenda, kanyamaza kidogo, akauliza mama na wewe utaingia ndani? Nikasema naingia. Jioni hii kaja jikoni na lile daftari mwenyewe, kaliweka mezani, ameanza kunisomea.