Tupeane uzoefu: uliyewahi kumiliki gari la kifahari la Ulaya, gereji ilikufundisha nini?

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa tuliomiliki, au tunaomiliki mpaka leo, magari makubwa ya Ulaya: V6, V8, tabo, shokapu za upepo. Naomba visa vyako mwenyewe, siyo vya kusimuliwa kijiweni. Na kama ni gari lako lililokutesa, jina la kampuni liache. Likitajwa tu, uzi unageuka Simba na Yanga na anayetaka kununua haambulii kitu.

Naanza mimi. Niliagiza SUV ya 2008 kutoka Japani, kilomita 74,000, viti vya ngozi havina hata mkwaruzo. Bei yake kule ilikuwa chini ya Harrier ya mwaka huohuo. Sikujiuliza kwa nini, nililipa. Kumbe Japani gari la petroli likivuka miaka 13 kodi inapanda, na ule ukaguzi wao wa kila miaka 2, shaken, unamlazimisha mwenye gari kutengeneza kila kilichochoka. Wengi wanaliuza kabla ya kufika hapo, na kilichochoka kinapanda meli pamoja na gari.

Mwezi wa nne, asubuhi, nalikuta limeinamisha bega la kushoto mbele kama ng'ombe anayekunywa maji. Nikawasha, kompresa, ile pampu ya kujaza upepo kwenye shokapu, ikanguruma, likanyanyuka. Nikapotezea. Kila siku ule mngurumo ukawa unarefuka kidogo. Wiki ya tatu, karibu na Chalinze, kompresa ikafa na gari likalala miguu yote minne, tairi zinakwangua fenda. Nimerudi Dar juu ya gari la kubebea magari.

Kilichoharibika mwanzo ni puto la mpira la shokapu tu, lilipasuka nyufa kwa uzee. Kompresa ikawa inajaza upepo unaovuja, haipumziki, mpaka ikaungua. Puto lingenigharimu laki 6. Kwa kuchelewa nikalipa milioni 2 na laki 7. Karibuni.

FundiUmeme wa Ilala

Mkuu umeeleza vizuri, na hicho cha kompresa nakiona kila mwezi. Mimi niongezee betri, maana watu wanaliwa hela hapo.

Juzi kaletwa gari taa nane zinawaka kwenye dashibodi: ABS, gia, shokapu, erbegi, zote. Mwenye gari ameshanunua kontroliboksi (kompyuta za gari) mbili za mtumba, hazijasaidia. Nikapima betri gari likiwa limezimwa: volti 11.6. Betri nzima iliyojaa inasoma kama 12.6. Magari haya yana kompyuta nyingi zinazoongea zenyewe kwa zenyewe, umeme ukipungua kila moja inalalamika kivyake. Tukafunga betri mpya ya ukubwa sahihi, tukaisajili kwenye kompyuta ya gari, taa zote zikazima. Zile boksi mbili hela yake haikurudi.

Na msidhani ni ubovu wa mitumba tu. Mei 2004 Mercedes-Benz iliita magari yapatayo 680,000 yarudi kukaguliwa kwa sababu ya ule mfumo wa breki za umeme, SBC. Yalikuwa magari mapya ya wakati huo. Teknolojia ikiwa changa, mnunuzi wa kwanza ndiye anayeijaribu, na wewe wa mkono wa tatu unakuta spea yake imebaki bei ileile ya gari jipya.

Mnyalukolo

Kisa changu ni cha mlima Kitonga na bado kinaniuma.

Tulitoka Dar alfajiri, mimi, mama na wadogo zangu wawili. Kuanzia Mikumi kuna harufu tamu inaingia kwenye AC, kama sharubati iliyopikwa. Mama akauliza mara mbili ni nini. Nikaangalia mshale wa joto: katikati kabisa. Nikamwambia ni mashamba. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu, tukaendelea.

Katikati ya mlima nguvu zikakata, mvuke ukatoka pande zote za boneti. Kile kiungio cha plastiki cha maji, cha elfu 35, kilikuwa kimekatika. Harufu ile ilikuwa kulanti, yale maji ya kupozea injini. Na mshale? Fundi alinifafanulia kwamba kwenye magari mengi ya aina hii umewekwa ukae katikati hata joto likipanda na kushuka; ukija kusogea, maji yameshaisha. Silinda hedi ilipinda. Milioni 6, na gari lilikaa Iringa miezi miwili likisubiri gasketi.

Sasa hivi plastiki zote za maji nabadilisha kabla ya safari ya kwanza ya mlima, hata kama zinaonekana nzima. Na mama akisema kuna harufu, nasimama.

Mwana wa Nyali

Hamjambo ndugu zangu. Mimi niko Mombasa nami nasimama upande wa pili. Nina sedani ya mbio, tabo mbili, mwaka wa sita huu, haijawahi kuniacha njiani. Kitabu kinasema oili kila kilomita 15,000, mimi namwaga kila 5,000, kwa joto letu na foleni ya Nyali Bridge.

Watu huyaonea magari haya. Chukua BMW M5 ya toleo la E60, V10 ya lita 5, nguvu za farasi 507. Wapenzi wake duniani kote wanajua beringi za konrodi (mikono ya pistoni) huchakaa, kwa hiyo huzibadilisha mapema na hutumia oili nzito ya 10W-60, basi. Injini ile inazunguka mpaka mizunguko 8,250 kwa dakika. Ukiisikia pale juu huwezi kumwambia mtu ni gari bovu. Ni gari linalodai. Asiyeweza kulilipa madai yake asilinunue, lakini asilitukane.

Dada wa Mwanza

Lilikuwa la marehemu baba. Nililitunza miaka 3 kwa ajili yake, siyo kwa ajili ya usafiri. Gia boksi ilipokufa nililinganisha bei yake na ada ya watoto wawili, nikaliuza lilivyo. Siku linaondoka nilikaa ndani nikanusa viti.

Mleta uzi

Dada wa Mwanza, pole sana. Nimesoma yako nikanyamaza kidogo.

Mwana wa Nyali, hata mimi langu sijaliuza. Nimebadilisha maputo yote manne na betri kwa ushauri wa Ilala hapo juu. Ilikuwa inasoma 11.9. Kila asubuhi kabla ya kuwasha napima kwa vidole nafasi kati ya tairi na fenda. Leo vinne kushoto, vinne kulia. Jumamosi naenda Moro.

Wengine endeleeni.