Mrejesho: Tromsø hadi Longyearbyen kwa ndege

Wakuu, niliuliza umbali na muda wa kuruka kutoka Tromsø, kaskazini mwa Norwei, hadi mji wa Longyearbyen kule visiwa vya Svalbard. Nimeshafika, asanteni sana kwa majibu. Umbali wa moja kwa moja ni kama kilomita 960, na tulikaa angani saa moja na dakika 35 hivi, karibu muda wote juu ya bahari. Kumbe ni karibu!

Cha kuzingatia zaidi ni pasipoti. Svalbard ni ya Norwei lakini haimo Schengen (eneo la nchi za Ulaya ambazo kwa kawaida hazikaguani pasipoti mipakani), kwa hiyo pale Tromsø unakaguliwa kama mtu anayetoka nje. Anayehitaji viza ahakikishe inaruhusu kuingia mara mbili, la sivyo atakwama wakati wa kurudi. Hili nusura linipite.